Kukodi mtumbwi Boundary Waters: uzoefu wangu

Ukikodi mtumbwi Ely, mji wa kaskazini mwa Minnesota, Marekani, ili uingie Boundary Waters, pori kubwa la maziwa, ongeza pesa uchukue wa Kevlar, yaani wa nyuzi nyepesi na imara. Una kilo kama 20 hivi. Wa alumini unapita 30. Tofauti utaiona kwenye njia za miguu kati ya ziwa na ziwa, ambako mtumbwi unapinduliwa, unatwishwa mabegani na kupitishwa juu ya mawe na mizizi. Njia ya kutoka ziwa Hudson kwenda ziwa Insula ilitutoa jasho kwelikweli.

Nilikwenda na rafiki yangu tuliyesoma naye Tanga. Sote tuko Minneapolis, lakini kwa zamu hizi za usiku tunaonana harusini na misibani tu. Mtumbwini hakuna kukwepana: wa mbele anapiga kafi na kuangalia miamba, wa nyuma anaongoza, na msiposemezana mtazunguka palepale. Simu hazikushika mtandao. Huko ndiko aliponieleza vizuri habari za ugonjwa wa mama yake, ambazo siku zote nilizisikia juujuu, tukiwa mlangoni tunaagana.

Kuanzia ziwa liitwalo Lake Three unaingia msitu ulioungua mwaka 2011, zaidi ya ekari 90,000, kwa moto wa radi. Miti iliyokufa bado imesimama, na katikati yake misonobari michanga imesongamana, kijani kitupu. Rafiki yangu aliokota koni, tunda la msonobari lenye mbegu, gumu kama jiwe, magamba yameshikana kwa utomvu. Joto la moto ndilo huyafungua, mbegu zikamwagika kwenye majivu. Tulikaa pale muda mrefu tukiligeuzageuza mkononi.

Waliotukodishia walitueleza kila kitu kwa subira, wakatupa ramani isiyoharibiwa na maji na pipa la chakula ambalo dubu hawezi kulifungua. Makopo na chupa za vioo ni marufuku, kwa hiyo bebeni unga na vyakula vikavu. Kilichoniudhi ni zipu ya hema: haikufunga, na mbu wakatukesheza. Tuliporudi walirudisha pesa ya hema bila ubishi.

Kulala ndani ya Boundary Waters kati ya Mei na Septemba kunahitaji kibali cha kukata mapema, na nafasi za kila mlango wa kuingilia pori zina kikomo. Vibali huanza kutolewa mwishoni mwa Januari. Mlango wa Lake One hugombewa sana. Kipate hicho kwanza, ndipo ulipie mtumbwi. Sisi tumeshaomba likizo ya Septemba, mbu wakiwa wamepungua.