Language Transfer na bachata: miezi minne ya Kihispania nikiwa Kisumu

Nimemaliza masomo yote 90 ya Kihispania ya Language Transfer na kama huna pesa ya mwalimu anzia hapa, ni bure kabisa. Ni sauti tu, Mihalis Eleftheriou anafundisha mwanafunzi mmoja kwa Kiingereza, akiuliza swali wewe unasimamisha, unajenga sentensi yako kwa mdomo, alafu ndio unaachilia usikie jibu. Hakuna kuandika, hakuna kukariri. Nilikuwa nadaunilodi usiku nasikiliza kwa matatu kutoka Kondele kwenda tao. Hapo kwa kusimamisha usiruke, ukiacha iende tu hutoki na kitu.

Chenye sikutarajia ni vile Kiswahili kinabeba mtu. Vokali ni zetu zile tano, ñ ni ny ya nyumba. Hablo, hablas, habla ni nasema, unasema, anasema, mtu ako ndani ya kitenzi, ni vile tu wao wanamweka mkiani. La casa blanca, las casas blancas (nyumba nyeupe, moja alafu nyingi), kivumishi kinafuata nomino, mwenye amezoea ngeli hashtuki. Hata hasta yao, ile ya hasta mañana (mpaka kesho), imetoka kwa hatta ya Kiarabu, pale pale penye hata yetu ilitoka!

Lakini kwa kozi watu wanaongea polepole, masikio utayapata kwa muziki. Mimi nilishika bachata ya Jamhuri ya Dominika juu haikimbii sana kama salsa na maneno yanajirudia, wimbo mmoja wiki nzima, dakika ishirini kila jioni nikiosha vyombo. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, wale wa Karibi wanameza s, estás unasikia "etá". Kuna neno nilikuwa nasikia "paké", nikalitafuta kwa kamusi siku tatu, narudisha nyuma, narudisha tena, kumbe ni para que, yaani "ili", para imekatwa ikabaki pa. Tangu hapo nalisikia kila wimbo. Na mashairi ya kwa intaneti usiyaamini sana, tovuti moja ilikuwa imeandika neno tofauti kabisa na lenye linaimbwa, sikiza kwanza ndio usome.

Ser na estar, vitenzi viwili vyote vya "kuwa", bado zinanichanganya, hayo masomo nayarudia kuanzia Jumatatu. Chenye nakosa sasa ni mtu wa kuongea naye, kama uko hapa Kisumu na unajifunza pia niandikie, tukutane hata Jumamosi moja kwa mwezi.