TAHADHARI: Kitanda cha mtoto cha mtumba kilichokwanguliwa lebo

Assalaam alaykum wazazi wenzangu wa Unguja na Pemba.

Siku nne nimekuwa nikijishauri niandike au ninyamaze. Jana usiku nimemuona muuzaji yule yule ametundika tena kitanda cha mtoto kwenye statasi yake, picha ile ile, shuka ile ile ya nyota, na chini kaandika "kimebaki kimoja". Kitanda hicho kiko kwangu Chake Chake, ukumbini. Kwa hiyo naandika.

Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, uzazi wa kwanza, na vitu vya mtoto nimevibeba mie. Mtumba siudharau. Wanangu watatu wote wamelala kitanda cha mtumba, na kilipotoka kwangu nilikiuza, nikamwambia mnunuzi wazi kwamba godoro limebonyea katikati. Huyu muuzaji yupo Unguja, anasema mzigo wake unakuja na kontena kutoka Uingereza. Kitanda pamoja na kiti cha gari cha mtoto alitaka 320,000. Akaniambia kitanda peke yake dukani ni laki sita, nikaona nimepata.

Hapo ndipo nilipokosea mwanzo. Bei ya dukani nilitajiwa na yeye mwenyewe muuzaji, na mie nikaipokea. Kitu cha mtoto kilichotumika na bado kizima hukikadiria nusu ya kipya au chini yake, lakini hiyo bei ya kipya uwe umeiulizia wewe kwa miguu yako. Baadaye nilimuuliza fundi seremala hapa Chake, akaniambia kitanda kipya cha mbao nzuri, kwa vipimo nitakavyo, ni laki mbili na nusu. Nilishachelewa.

Nilimuomba shemeji yangu wa Fuoni apite akakitazame. Muuzaji akasema yeye ameenda Dar, atarudi Jumatatu, ila kuna mama mwengine wa Mwanakwerekwe anakitaka leo leo, na meli ya Mkoani inapakia. "Tuma yote tu dada, nikupakilie." Yuko Dar, na hapo hapo atanipakilia mzigo bandarini Malindi, Unguja! Nimeyasoma maneno hayo mawili kwa macho yangu na sikuyaunganisha. Nilipokuwa natuma pesa simu ikaniletea jina la mwanamme. Akasema ni la mumewe. Nikaweka namba ya siri.

Mzigo ulifika, sitomzulia. Lakini nataka mjue kilichofika.

Kitanda kimepakwa rangi nyeupe, mpya, bado inanuka. Upande mmoja ni wa kushusha na kupandisha. Reli ya plastiki ya upande huo imepasuka, ikafungwa waya, na rangi ikapakwa juu ya waya. Nikauegemea taratibu, kama mama anavyoegemea anapomlaza mtoto. Kona ya chini ikachomoka, ikaacha mwanya unaopita ngumi yangu. Mtoto wa miezi sita akibingirika hapo mwili unateleza kwenye mwanya na uso unabanwa kwenye godoro, hata kulia hawezi. Ndiyo sababu Marekani walivipiga marufuku vitanda vya upande wa kushuka mwaka 2011, visitengenezwe wala visiuzwe, hata vilivyotumika, baada ya watoto zaidi ya 30 kupoteza maisha. Haya nimeyajua nimeshalipa.

Na naamini muuzaji anayajua. Ubavuni, pale inapokaa lebo ya kiwanda, pamepigwa msasa mpaka mbao imechimbika, umbo la mraba, kisha pakapakwa rangi. Mchubuko wa safarini hauwi mraba.

Kiti cha gari nacho lebo yake imechanwa. Vya Ulaya huwa na lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara. Ila kipindue chini: kwenye plastiki yenyewe mara nyingi kuna alama kama saa ndogo yenye mshale na mwaka. Hiyo hakuiona. Inasoma 2009. Viwanda vingi hutoa miaka 6 mpaka 10 ya kukitumia kiti kama hiki, baada ya hapo plastiki imechoka. Halafu kama kimeshapata ajali, ufa wa ndani huuoni kwa macho. Kiti cha gari mie sinunui tena cha mtumba ila kwa mtu ninayemjua na gari yake naijua.

Kitanda bado naona kinaweza kununuliwa mtumba, ila kiguswe kwanza. Beba kopo la soda: likipita kati ya fito mbili, mwanya ni mkubwa, mwili wa mtoto utapita na kichwa kitabaki. Tikisa pande zote nne. Sisi wa Pemba tunaoletewa kwa meli ndio tunaolengwa, maana anajua hatutovuka bahari kurudisha kitanda. Basi mtume ndugu, akikitikisa yeye ndipo pesa itoke. Huna ndugu Unguja, muuzaji akupigie simu ya video akitikise mbele yako na akigeuze chini. Mwenye kitu kizima hakatai dakika tano.

Nilimpigia. Akanijibu "mtumba haurudishwi", kisha akanifungia. Nimeshafungua jalada polisi, namba yake nimeipeleka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, na wiki hii naenda Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, kwani kufuta lebo ya bidhaa ni kumdanganya mnunuzi. Kwa kuwa shauri limeshafika huko, jina lake silitaji hapa.

Mdogo wangu atalala na mwanawe kitandani kwake, tumemnunulia kijichandarua, mpaka seremala amalize. Kile cha kwangu nimekifungua skrubu moja moja na ile reli iliyopasuka nimeiweka kama ushahidi. Ukiwa umelipia kitanda chenye shuka ya nyota, umekipata au hujakipata, usiyafute mazungumzo yenu wala ujumbe wa muamala. Niandikie faragha. Askari anayeshughulikia jalada ameniambia tukipatikana walalamikaji wawili watatu itakuwa rahisi kumuita.