Kufia wodini au nyumbani: UVIKO-19 ilivyobadili uamuzi

Kabla ya Machi 2020, wodi ilikuwa na faida iliyo wazi: oksijeni, morfini (dawa kali ya maumivu) ya sindano na muuguzi usiku kucha. UVIKO-19 ilipoingia, hospitali nyingi zikawafungia jamaa milango. Watu wakaagana kwa simu iliyoshikwa na muuguzi mwenye glavu, spika ikiwa imesogezwa sikioni mwa mgonjwa. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nyumbani, mgonjwa alishikwa mkono na mwanawe. Ila mzigo uliwaangukia ndugu: kumgeuza asipate vidonda vya kulala, kupima morfini ya maji, kumuuliza daktari kwa video. Mimi ningechagua nyumbani, mradi dawa ya maumivu ipo na mhudumu wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, anapokea simu hata saa nane usiku.