Wakili wa malipo ya mwezi kwa biashara ndogo: uzoefu wangu

Natumia huduma ya wakili wa malipo ya mwezi kwa biashara ya jumla ya vifungashio hapa Dar es Salaam: fremu, stoo, wafanyakazi wachache na wateja wengi wa mali kauli, yaani wanaochukua mzigo sasa na kulipa baadaye. Naipa nyota nne kati ya tano. Thamani yake haiko mahakamani, maana kesi ikifunguliwa hulipiwa kando. Ninacholipia ni karatasi kusomwa kabla sijasaini, na simu kupokelewa kabla sijaamua.

Faida kubwa kuliko zote iko kwenye mali kauli. Wengi wetu hutoa mzigo kwa jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka. Jina la biashara peke yake si mtu, na ukikosea unayemshitaki, shauri linaweza kuondolewa kabla halijasikilizwa. Kwa hiyo wakili huanza BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na kampuni: jina limesajiliwa kwa nani, au kama ni kampuni, wakurugenzi ni kina nani. Kwa kampuni, anataka mkurugenzi asaini dhamana yake binafsi, kwa kuwa deni la kampuni haliwi deni la mkurugenzi hivi hivi. Halafu unafuata mkataba mfupi: kikomo cha deni, siku za kulipa tangu mzigo upokelewe, na majina ya wanaoruhusiwa kupokea. Kwenye kupokea ndipo madai mengi hufia. Kijana wa dukani anachora sahihi bila jina wala muhuri, kisha tajiri wake anasema hamjui. Hati ya kupokelea mzigo lazima iwe na jina kamili, sahihi, muhuri, tarehe na namba ya ankara.

Mteja akichelewa, inatoka barua ya madai yenye kiasi, ankara zinazodaiwa na siku ya mwisho. Mara nyingi mdaiwa anaomba muda. Usimpe kwa mdomo. Wakili huandika makubaliano: anakiri deni la kiasi hiki, atalipa kwa awamu hizi, anasaini. Karatasi hiyo inamaliza ubishi wa kiasi, na pia inaanzisha upya hesabu ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, ambao kwa madai ya mkataba ni miaka 6. Kumpeleka polisi mtu anayedaiwa deni la kawaida la biashara ni kupoteza muda, kwa kuwa hilo ni shauri la madai.

Kwenye fremu, swali la kwanza la wakili si kiasi cha pango, ni nani anayesaini. Dalali anapokea fedha, kaka mkubwa anasaini, kumbe jengo ni la marehemu na familia haijapatana. Dai uone hati ya umiliki, na kama ni mirathi, uone uteuzi wa msimamizi kutoka mahakamani. Kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia mwenyewe, kwa pango ni asilimia 10, na mpangaji wa biashara ndiye anayetakiwa kuikata na kuipeleka Mamlaka ya Mapato (TRA). Mwenye nyumba anapotaka fedha kamili mkononi, asilimia hiyo inakuangukia wewe, kwa hiyo mkataba useme wazi pango lililoandikwa ni kabla au baada ya zuio. Kuna pia ushuru wa stempu, kodi inayolipiwa hati kama mkataba wa pango: mkataba usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mahakamani mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake. Muhuri wa serikali ya mtaa hauondoi hitaji hilo, ingawa wengi wanaamini hivyo.

Kwa wafanyakazi, kosa la kawaida ni kumfukuza mtu kwa ujumbe wa WhatsApp siku ileile mali ilipopungua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki, na mwajiri ndiye anayethibitisha vyote viwili. Sababu ikiwa nzuri lakini utaratibu mbovu, bado unalipa. Utaratibu wenyewe si mgumu: barua ya tuhuma, angalau saa 48 za kujiandaa, kikao ambacho mwenyekiti wake hakuhusika na uchunguzi, mfanyakazi mwenzake mtuhumiwa wa kumsaidia, muhtasari uliosainiwa, barua ya uamuzi. Mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi), kwa hiyo faili liwe limekamilika tangu siku ya kwanza. Chunga pia mikataba ya kupakua mtandaoni. Ukiona imetaja Sheria ya Ajira ya 2007, hiyo ni ya Kenya.

Makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo pia yana siku 30 za kuweka pingamizi TRA, na unatakiwa kulipa sehemu isiyobishaniwa au theluthi ya kodi iliyotathminiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Kiasi hicho kinaweza kuombewa punguzo au msamaha kwa Kamishna. Hapa wakili peke yake hatoshi. Hesabu za mhasibu ndizo zinazobeba hoja.

Kabla ya kusaini na wakili, mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama ana leseni hai ya mwaka huu. Mwanasheria mwenye shahada tu, asiyesajiliwa kuwa wakili, hawezi kukuwakilisha Mahakama Kuu. Muulize kama anamtetea pia mwenye nyumba wako au msambazaji wako mkubwa. Barua ya makubaliano itaje idadi ya nyaraka kwa mwezi, muda wa kujibu, nani hasa atashughulikia kazi, na gharama zisizomo: ada za mahakama, BRELA, usafiri. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki inayotambuliwa na TRA.

Nyota moja nimeiondoa kwa sababu ya kasi ndogo ya kazi. Ofisi nyingi zinakabidhi kazi ya mwezi kwa mawakili wachanga, na mkataba wa haraka unasubiri wakubwa watoke mahakamani. Suluhisho ni kuandika saa za kujibu kwenye makubaliano, na kifungu kwamba ukiondoka unapewa faili lako lote, nakala halisi zikiwemo.

Mwenye genge au kibanda kimoja, asiyekopesha wala kuajiri, hahitaji malipo ya mwezi. Amlipe wakili kwa mkataba wa pango peke yake.