Divai ya Dodoma altareni: chupa ipi inunuliwe, ipi iachwe

Parokia za Jimbo Kuu la Dodoma zina bahati ambayo nyingi nchini hazina: divai ya Misa inaweza kutoka shamba ambalo bodaboda inalifikia. Mizabibu ilifika Bihawana kwa mikono ya wamisionari Wakatoliki, na leo zabibu zinalimwa Mpunguzi, Mbabala, Hombolo, Makutupora hadi Mvumi, tena zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Hata hivyo bado zipo sakristia, vyumba vya kuandalia Misa, zinazoagiza chupa ya kutoka nje, ghali, kwa sababu tu lebo yake imechorwa kalisi, kikombe cha divai ya Misa. Mchoro wa kalisi si kibali. Divai ya kawaida ya Dodoma, ikichaguliwa kwa macho makini, inafaa altareni bila wasiwasi. Lawama nyingi inazobebeshwa zinatokana na yanayoipata baada ya kufunguliwa.

Kipimo cha kuchagulia ni kifupi. Kanuni 924 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inadai divai ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Redemptionis Sacramentum, hati ya Vatikani ya mwaka 2004, inaongeza katika namba 50 kwamba isichanganywe na vitu vingine, na kwamba ni marufuku kutumia divai yenye shaka kuhusu uhalisi wake au ilikotoka. Hilo neno "shaka" ndilo la kwenda nalo dukani. Msakristani halazimiki kuthibitisha kwamba chupa ni mbovu. Akishindwa kujua imetengenezwa na nini, anairudisha kwenye rafu.

Kwa kipimo hicho, inayoongoza ni divai kavu ya chupa ya mililita 750, ile wauzaji wanayoiita drai, nyekundu ya zabibu za Makutupora au nyeupe ya Chenin Blanc. Ukavu si suala la mapadre kuchagua ladha. Kwenye divai kavu hamira imekula karibu sukari yote, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kuchachuka upya ndani ya kabati, na aliyeitengeneza hakuwa na sababu ya kuikoleza utamu. Soma lebo ya nyuma. Zabibu pamoja na E220 au E224 si tatizo: hizo ni salfa za kuhifadhia, na divai inabaki divai. Ukikuta rangi, ladha, au maneno ya "kinywaji chenye ladha ya zabibu", achana nayo. Na tuseme wazi, maana kosa hili lipo: rozela, ndizi na papai vinatoa vinywaji vizuri vinavyouzwa kwa jina la waini, lakini kwa Misa si divai hata vikikaa kwenye chupa nzuri namna gani.

Chembe zinazong'aa chini ya chupa, kama sukari guru iliyopondwa au vipande vya kioo, zisikutishe. Ni chumvi ya asili ya zabibu iliyoganda, hasa chupa ikikaa kwenye baridi. Mimina taratibu, zitabaki chini.

Nyekundu au nyeupe? Kanisa halikuchagua rangi, kwa hiyo hapa wanaoamua ni wafuaji. Nyekundu ya Makutupora imekolea. Ikikauka kwenye kitambaa cha kupangusia kalisi, doa lake halitoki kirahisi, na akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) wanaofua vitambaa vya altare watakuambia hivyo kabla hujauliza. Kitambaa kiloweshwe kwanza kwenye maji matupu, na maji hayo ya kwanza yamwagwe kwenye sakrario, sinki maalumu linaloshusha maji ardhini, au ardhini mahali safi, ndipo sabuni ifuate. Wengi wanaanza na maji ya moto na jiki, doa linageuka kijivu na uzi unalegea. Nyeupe inaondoa usumbufu huo wote, ila inaleta wake: kwenye vichupa vya kioo vinavyopeleka divai na maji altareni, chini ya taa za asubuhi, inafanana na maji. Mtumishi wa altare wa miaka kumi anampa padre kichupa cha kwanza kilichomjia mkononi, na maji yanaingia kwenye kalisi. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Roma, namba 324, yanajua jambo hilo linatokea: padre akigundua baada ya mageuzo, yaani baada ya kutamka maneno ya Yesu juu ya mkate na kalisi, anamimina maji yale kwenye chombo kingine, anatia divai na maji kidogo katika kalisi, kisha anatamka sehemu ya simulizi la Karamu ya Mwisho inayohusu kalisi, bila kulazimika kurudia ya mkate. Dawa ni ya bei ya uzi: funga utepe mwekundu kwenye shingo ya kichupa cha divai, na usibadilishe upande wake kwenye sinia hata siku moja. Kwa parokia zenye utepe huo na watumishi waliofundwa, tunapendekeza nyeupe. Kwingine bakini na nyekundu, mvumilie kufua.

Divai tamu ndiyo tunayoipa alama ndogo, ingawa ndiyo inayopendwa zaidi. Utamu una njia zake. Fundi anaweza kuzuia uchachukaji kabla sukari ya zabibu haijaisha, na hiyo ni divai halali. Anaweza kuongeza spiriti iliyotokana na zabibu, jambo ambalo Kanisa limeliruhusu tangu karne ya 19 mradi kilevi kisizidi asilimia 18 kwa jumla. Au anaweza kumimina sukari ya dukani, au spiriti ya miwa, na muwa haujawahi kuwa mzabibu. Kwa ulimi huwezi kuzitofautisha. Kama mtengenezaji hawezi kukuandikia amefuata njia ipi, umesharudi kwenye lile neno "shaka".

Divai ya madumu ya lita 5 au 20, inayouzwa na watengenezaji wadogo, inahitaji maneno ya haki. Nyingine ni zabibu tupu kuliko chupa nyingi zenye lebo za kupendeza, kwa sababu mkulima hana hata mahali pa kununulia hizo rangi. Tatizo lake ni dumu. Kila unapopunguza divai, hewa inachukua nafasi yake, na bakteria wa siki wanahitaji vitu viwili tu, hewa na joto, ambavyo Dodoma ya Oktoba haina uhaba navyo. Hamira iliyobaki nayo inaamka: dumu linavimba, na ukifungua mfuniko linapumua. Parokia ikitaka kununua kwa mkulima, iende wakati wa mavuno ikaone zabibu zikikamuliwa, kisha divai ikomae na kuchujwa, ihamishiwe kwenye chupa za kioo siku ile ile inapopokelewa. Dumu lililokuwa na mafuta ya kula halisafishiki likatosha, msijidanganye.

Sasa hesabu, ambayo halmashauri ya walei mara nyingi haiifanyi. Misa ya padre mmoja inatumia kama mililita 40. Parokia yenye Misa sita za siku za juma na tatu za Dominika inatumia mililita 360 kwa wiki, yaani chupa moja kwa wiki mbili. Hapo chupa ya 750 ni saizi yake. Kigango, yaani tawi la parokia, kinachopata Misa mara moja kwa mwezi kinatumia mililita 480 kwa mwaka mzima! Ukikipelekea katekista chupa nzima, Misa ya kwanza ni divai, ya pili ni bahati, ya tatu ni siki. Padre abebe ya safari: chupa ya kioo ya mililita 100 yenye mfuniko wa kuzungusha, iliyochemshwa, ikakaushwa, ikajazwa hadi shingoni. Wenye vigango vya mbali sana wanaweza kufikiria ile ya kutoka nje iliyoongezwa spiriti ya zabibu, maana inavumilia kufunguliwa kuliko kavu. Hiyo ndiyo sababu pekee tunayoiona ya kulipa zaidi.

Chupa ikishafunguliwa pale parokiani, igawe mara moja kwenye chupa ndogo za mililita 250, zijazwe pomoni, ziende kwenye friji. Hivyo hukaa vizuri wiki mbili hadi tatu. Chupa iliyofunguliwa ikiachwa kwenye kabati la sakristia yenye bati lisilo na dari, usiihesabie zaidi ya siku tatu au nne wakati wa joto. Na kosa linaloharibu divai nyingi kuliko mengine yote ni uchoyo mdogo: kurudisha kwenye chupa ile iliyobaki kichupani baada ya Misa. Imeshapigwa na hewa, pengine vinzi vidogo vimeshaionja, na sasa inaambukiza chupa nzima. Ya kichupani imiminwe kando, isirudi.

Msakristani anuse kabla ya Misa, si wakati wa kupeleka vipaji altareni. Harufu ya siki, au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, au utando mweupe juu, ni ishara ya kufungua nyingine. Maji yanayotiwa kwenye divai ya kalisi ni matone machache tu. Watumishi wafundishwe kuinua kichupa mara padre anapoinua kidole, kwa sababu divai iliyozidiwa na maji nayo si divai tena.

Juisi ya zabibu ya pakiti haiwi mbadala kwa padre asiyeweza kutumia kilevi. Kinachoruhusiwa ni mustumu, maji ya zabibu ambayo uchachukaji wake umesimamishwa bila kubadili asili yake, tena kwa kibali cha askofu.

Divai iliyogeuka siki isimwagwe yote. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na vichupa vya altare vinajenga ukoko mweupe usiotoka kwa sabuni. Jaza siki hiyo usiku mmoja, sugua asubuhi kwa brashi ya chupa, suuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa, kisha vipindue vikauke kabisa kabla ya kutia divai mpya.