Nimempeleka mama Kill Devil Hills, pale ndege ya kwanza yenye injini iliporukia

Mama alikuja kututembelea kutoka Pangani, nikaona kabla hajarudi nimpeleke Wright Brothers National Memorial kule pwani ya North Carolina, Marekani, kile kilima cha mchanga chenye mnara juu. Kiingilio dola 10 kwa mtu mzima, mwanangu wa miaka 8 akaingia bure. Mama alivyoshuka tu kwenye gari akaushika mtandio akasema, upepo huu babu yako asingetoa ngalawa. Nikamwambia mama, huo upepo ndo uliowaleta hapa Wilbur na Orville Wright, wale ndugu wawili walioitengeneza ndege hiyo, walitafuta sehemu yenye upepo mkali na mchanga laini wa kuangukia.

Sasa watu wengi wakishapaki wanakimbilia juu wanapiga picha na mnara wanaondoka, jamani nawaomba msifanye hivyo, anzeni chini uwanjani. Kilimani walikuwa wanajifunzia na videge visivyo na injini, ile yenye injini tarehe 17 Desemba 1903 iliondokea chini kabisa kwenye tambarare, juu ya reli ya mbao. Pale ilipoondokea kuna jiwe kubwa, halafu mbele kuna mawe manne yenye namba, kila moja linaonyesha ndege ilitua wapi siku hiyo. Mimi nilitembea nahesabu hatua, la kwanza mita kama 37 tu, sekunde 12, hatua zangu hazikuzidi 50! La pili na la tatu ziko palepale karibu karibu, alafu sasa unatafuta la nne hulioni, unatembea weee mpaka mita 260, sekunde 59, Wilbur ndo alikuwa anaendesha. Asubuhi moja tu hiyo. Nilisimama kwenye hilo jiwe nikageuka kuangalia nilikotoka, mwili ukanisisimka kweli.

Kilima chenyewe kina kama mita 27, njia ni ya lami ila imesimama kidogo, mama magoti yanamsumbua tukapumzika mara mbili tukafika. Mnara ni wa graniti, mita 18, wa mwaka 1932, umechongwa mabawa ubavuni. Zamani kilima kilikuwa kinahama kwa upepo ikabidi wapande majani kwanza ndo wajenge. Juu unaona bahari upande huu na maji ya ndani upande ule.

Vaeni viatu vya kufunika na msitoke njiani. Mwanangu alikuwa na ndala akaingia kwenye majani, mbigili zikamjaa, bibi yake akakaa chini ya mnara anamtoa moja moja. Na mkishuka zungukeni nyuma ya kilima, kuna sanamu ya ndege kwa ukubwa wake halisi pamoja na yule jamaa wa kituo cha uokoaji baharini aliyepiga ile picha maarufu ya ndege ikiruka mara ya kwanza. Mama alipanda akalala kifudifudi pembeni ya sanamu ya Orville, mpaka leo hiyo ndo picha yake ya wasapu.