Kurta za chikan: zigeuzeni ndani kabla hamjatoa hela

Karibuni. Leo mezani kuna kurta tatu, yale mashati marefu ya Kihindi, na zote zimeuzwa kwa jina moja: chikan ya Lucknow, yaani darizi ya mji wa Lucknow, India, kazi ya mkono. Ya kwanza nyeupe, pamba nyepesi ya voili, urefu sentimita 104. Ya pili rangi ya pichi, jojeti ya viskosi, kile kitambaa kinachomwagika mwilini. Ya tatu kijani mpauko, pamba nzito kiasi, maua yamejaa kutoka kola mpaka pindo. Ukizitundika dukani, macho ya mteja yanakimbilia hii ya kijani. Sasa tuzigeuze.

Sogeza kamera karibu. Hii ya kijani, upande wa juu maua yana uzi wa kijani. Kwa ndani uzi ni mweupe, mwembamba, umenyooka kila mahali kwa kipimo kimoja. Huo ni uzi wa chini wa cherehani, ule wa bobini. Tazameni pia ua hili na la chini yake: jani la kushoto halikufunga, limeacha pengo. Shukeni chini, kila ua lina pengo hilohilo. Kosa limechorwa kwenye kompyuta, likarudiwa mwili mzima. Mkono hukosea kila mara mahali pengine. Hii ni darizi ya mashine, na miji ya India kama Surat huitoa kwa wingi. Si nguo mbaya. Ila haikutakiwa kuuzwa kwa jina hilo, kwa sababu tangu 2008 chikan ya Lucknow imesajiliwa India kwa alama ya kijiografia, yaani jina linalolindwa kwa bidhaa ya mahali pake, kama ilivyo chai ya Darjeeling.

Nyeupe sasa. Kwa ndani utaona nyuzi zimepishana pishana, kama suka la ukili. Mshono huu unaitwa bakhiya. Fundi anashona upande wa nyuma, sindano inakwenda kulia na kushoto ndani ya umbo la jani, halafu kwa mbele vinatokea vishono vidogo tu kwenye kingo. Katikati ya jani unaona kivuli: ni uzi wa nyuma unaochungulia kupitia kitambaa. Ndiyo maana bakhiya inataka kitambaa chepesi. Ukiishona kwenye pamba nzito, kivuli kinakufa na kazi yote inabaki nyuma ambako haionekani. Muuzaji akikuonyesha kitambaa kizito na kukuapia kwamba ni bakhiya safi, hata ikiwa kweli, umelipia kitu ambacho hakuna atakayekiona.

Hapa kifuani, pitisheni kidole. Hivi vinundu vya mviringo kama punje za uwele ni phanda. Hivi virefu kidogo, kama punje za mchele, ni murri. Kila kimoja uzi umezungushwa mahali pamoja mara kadhaa mpaka ukainuka. Ni kazi ya polepole, na mashine haijaiweza vizuri: kinundu chake hulala bapa, ukikikuna kwa ukucha kinafumka nyuzi.

Na kiwavu hiki katikati ya ua ni jaali. Wengi wanadhani kitambaa kimekatwa au nyuzi zimechomolewa. Hapana. Sindano butu inasukuma nyuzi za kitambaa pembeni, uzi wa kushonea unazibana hapo, tundu linabaki wazi. Hakuna uzi uliokatwa, kwa hiyo jaali nzuri haifumki ukifua. Waliozoea kofia za viua za Zanzibar watakielewa upesi kipaji cha kufunga matundu namna hii, ingawa kofia ina kitambaa kigumu cha kushikilia na hapa fundi anafanya kazi juu ya kitu chepesi kama utando wa vitunguu. Shikeni nguo kwenye mwanga: matundu ya jaali ya mkono yanakaribiana ukubwa lakini hayalingani.

Na hili doa la buluu karibu na pindo? Msilikimbie. Kabla ya kushona, nakshi hugongwa kwenye kitambaa kwa mihuri ya mbao na rangi inayotoka kwa maji. Wanawake wa Lucknow na vijiji vyake, ambao ndio wengi kwenye kazi hii, hufuata michoro hiyo. Mara nyingi mmoja anashona bakhiya, mwingine vinundu, mwingine jaali, kisha nguo inakwenda kwa dobi kuondolewa rangi. Doa dogo lililobaki ni dalili njema kuliko mbaya. Loweka nguo peke yake kwenye maji baridi dakika 20, suuza, rudia. Msimwage jiki. Jiki inakula pamba nyembamba, na sehemu ya kwanza kuchanika ni kandokando ya jaali.

Tuje kwenye kuvaa, maana hapa ndipo nguo nzuri inapoharibiwa.

Nyeupe inaonyesha. Watu wengi wanavaa shimizi nyeupe ndani, halafu wanashangaa mikanda yake inaonekana kama imechorwa. Chini ya kitambaa cheupe chepesi, kinachopotea ni rangi iliyo karibu na ngozi yako mwenyewe: kahawia, chokoleti, au ya maji ya kunde. Kurta nyingi huuzwa na shimizi yake, na mara nyingi ni ya poliesta. Kwa joto la Dar au Mombasa, itoe, shonesha ya pamba. Na iwe fupi kuliko kurta kwa sentimita 5 hivi, isichungulie kwenye mipasuo ya pembeni.

Kurta na jinzi ndiyo vazi la vijana kwa sasa, na linakaa vizuri hasa kurta ikiishia juu ya goti, sentimita 80 hadi 90. Tatizo ni jinzi mpya ya buluu iliyoiva. Inachuja kwa kusuguana tu, hata bila maji, na pindo jeupe linageuka buluu mpaka mapajani. Fua jinzi mara tatu nne kwanza, au vaa iliyopauka. Suruali pana ya kitani au pamba isiyo na nakshi ni salama zaidi, na kwa macho yetu inapendeza zaidi pia. Chikan nyeupe juu ya nyeupe inasomwa kwa karibu. Ukiifunika kwa mtandio wa maua na mkufu mzito, umeizima. Hereni moja nzuri inatosha.

Wanaume, kurta ya chikan chini ya kizibao cha kola ya kusimama ni vazi la harusi lisilo na makelele. Chagueni iliyodariziwa kwenye kola na kifuani pale vifungo vinaposhuka. Iliyodariziwa mwili mzima, kizibao kitaificha robo tatu.

Saizi: namba ya Kihindi kama 38, 40 au 42 ni inchi za kifua. Kitambaa hiki hakivutiki hata kidogo, kwa hiyo pima kifua chako uongeze inchi 3. Pima na mkono wa juu, kwenye msuli, kwa sababu hapo ndipo panapobana kwanza. Kwapani, kitambaa chepesi kikibanwa hakichaniki. Nyuzi zake zinateleza na kuachana pembeni ya mshono. Hilo halizibiki vizuri. Mpe fundi mapema, apitishe utepe mwembamba wa pamba ndani ya mshono wa kwapa. Pamba ikifuliwa inarudi: kurta ya sentimita 104 tegemea ipoteze 3 hadi 5. Kwa hiyo, kupunguza urefu kunasubiri baada ya kufua.

Hii ya pichi, ya jojeti. Kazi ni ya mkono kweli, bakhiya na phanda, lakini igeuze: nyuzi za nyuma ni ndefu, zinaelea karibu sentimita 2 kabla ya kushika tena. Hapo fundi amelipwa kwa kujaza eneo, naye amejaza. Pete moja, bangili moja, mkanda wa mkoba begani, uzi unavutwa na jani lote linajikunja. Likitokea hilo, weka mkasi mbali. Vuta kitambaa taratibu kwa pembe, kulia kisha kushoto, mpaka mkunjo ulegee. Kilichobaki kirudishe nyuma kwa sindano butu, ukifunge fundo dogo. Viskosi ikilowa inakuwa dhaifu, hivyo hii isikamuliwe. Izungushie taulo, ibonyeze, ianike imelala.

Nyeupe inafuliwa kwa mkono, maji ya uvuguvugu, sabuni laini, imegeuzwa ndani, na inaanikwa kivulini. Pasi kwa nyuma, juu ya taulo nene, ikiwa na unyevu kidogo. Ukiipiga kwa mbele, murri na phanda zinalala na hazisimami tena kama mwanzo. Dawa ya kwapa iache ikauke kabisa kabla ya kuvaa, la sivyo kwapa litageuka manjano ndani ya msimu mmoja.

Kwa hiyo: nyeupe tunaipa nafasi ya kwanza, ingawa ina maua machache kuliko zote. Jaali yake imebana, vinundu vimesimama, nyuma ni safi. Ya pichi nunua ukipunguziwa bei, na umpe fundi wa mtaani ashikize zile nyuzi ndefu kabla ya kuivaa hata mara moja. Ya kijani ivae ofisini, tupa kwenye mashine ya kufulia bila wasiwasi, na mlipe muuzaji bei ya nguo ya mashine. Akikataa, geuza upande wa ndani umwonyeshe ile bobini nyeupe.